Kilomita 79 Zinazopitia Nairobi

Nimeruka kwa ndege kutoka Eldoret hadi Kisumu mara moja tu maishani, na safari yenyewe sikuwa nimeikatia tiketi. Ilikuwa jioni ya Aprili, masika yamekolea. Tuliondoka Nairobi saa kumi na robo tukijua kwamba kabla ya saa kumi na moja na nusu kila mtu atakuwa kwake. Tulipokaribia Ziwa Victoria tukaikuta mvua imetutangulia. Rubani akazunguka juu ya Ahero na Nyakach, ndege ikiinamia ubavu mmoja hadi sisi wa dirishani tukawa tunahesabu majaruba ya mpunga. Akazunguka tena, kisha akatangaza kwamba tunakwenda kusubiri Eldoret.

Tukasubiri saa moja na nusu, tumekaa humo humo ndani, mlango wazi, baridi ya Uasin Gishu ikiingia bila hodi. Mzee mmoja aliyeketi safu ya mbele yangu akamwita mhudumu. "Binti yangu, kwani hapa na Kisumu ni mbali? Si mtushushe tukachukue matatu?" Msichana akainama na kumjibu kwa adabu: "Mzee wangu, mizigo yenu iko tumboni mwa ndege na ruhusa ya kuwashusha sina. Vumilia kidogo." Mzee akatugeukia sisi wa nyuma kama anayetafuta mashahidi. "Saa hii ningekuwa Kapsabet, nakula mahindi ya kuchoma."

Tulipopaa tena giza lilikuwa limeingia. Nikatazama saa yangu. Tangu magurudumu yalipoacha lami ya Eldoret hadi yalipogusa ya Kisumu zilikuwa dakika 19. Tangu ndege iliposogea pale ilipokuwa imeegeshwa hadi injini zilipozimwa, 31.

Kisa hicho kilinirudia mwezi uliopita, mpwa wangu aliponitumia picha ya skrini ya simu yake. Alikuwa ameitwa Eldoret kwa mahojiano ya kazi, naye kama vijana wote akaanza kwa kuuliza intaneti. Kikokotoo kimoja kilimwambia kutoka uwanja wa Kisumu hadi wa Eldoret ni kilomita 79 na muda wa kuruka ni dakika 6. Kingine kikampa kilomita zile zile na dakika 36. "Mjomba, hebu ona," akaniandikia. "Hata tukichukua hiyo ya thelathini na sita, kwa nini tunavunjwa mgongo na matatu?"

Hilo ni swali la haki, na jibu lake si fupi.

Tuanze na kilomita, maana hizo hazina ubishi. Uwanja wa Kisumu uko kusini kidogo ya ikweta, pembeni mwa ziwa, kwenye barabara ya kwenda Busia. Wa Eldoret uko kaskazini ya ikweta, kama kilomita 16 kabla ya kuingia mjini ukitokea Kapsabet. Ukiwekea rula ramani, unapata kilomita 79 kweli, ambazo ni kama maili 42 za baharini, kipimo wanachotumia marubani. Ndege ikipaa Kisumu kuelekea huko itavuka ikweta baada ya kilomita 14 hivi, kabla abiria hajamaliza kuhangaika na mkanda. Hapo kikokotoo hakijakosea kitu.

Kimekosea kwenye dakika. Mitambo ya aina hii hufanya hesabu moja kwa dunia nzima: inachukua umbali, inaugawa kwa mwendo wa jeti kubwa, kilomita 800 kwa saa au zaidi kidogo, na basi. Kilomita 79 kwa mwendo huo ni dakika 6 kasoro sekunde chache. Mitambo yenye busara zaidi inaongeza nusu saa ya jumla kwa ajili ya kupaa na kutua, ndiyo maana ya pili ikasema 36. Kwa safari ya Nairobi hadi London hesabu hiyo haina madhara, kwa sababu nusu saa ndani ya saa nane au tisa ni chumvi kwenye sufuria. Kwa safari ya Kisumu hadi Eldoret, hiyo nusu saa ndiyo safari yenyewe, na zile dakika 6 ndizo chumvi.

Kuna kanuni marubani huitumia kichwani wanapopanga kushuka. Kwa kila futi 1,000 unazotaka kuteremka, jipe maili 3 za baharini. Ndege inayotoka Nairobi ikiwa futi 24,000, na uwanja wa Kisumu ukiwa karibu futi 3,800 juu ya usawa wa bahari, ina futi 20,000 za kuteremka. Hizo ni maili 60, yaani kilomita 111. Maana yake ni kwamba rubani wa Kisumu anaanza kushuka akiwa mbali kuliko umbali wote uliopo kati ya Kisumu na Eldoret. Kati ya viwanja hivi viwili hakuna mahali pa kufikia mwendo wa 800. Ndege inapanda, inavuka milima ya Nandi kwa kimo cha usalama, na papo hapo inaanza kutafuta njia ya kurukia ya upande wa pili, ikijipanga na uelekeo wa upepo. Dakika 19 zangu hazikuwa uzembe wa rubani, na pengine tulipendelewa, kwa sababu Eldoret iko juu ya Kisumu kwa karibu mita 1,000. Tulikuwa tunateremka mlima. Kwenda kunataka kupanda.

Na hizo dakika 19 si zile zinazoandikwa kwenye ratiba. Ratiba huhesabu tangu vizuizi vya magurudumu vinapoondolewa hadi vinapowekwa tena, na kampuni nyingi huongeza dakika za tahadhari ili ukifika kwa wakati uambiwe umewahi. Tazama Nairobi na Kisumu: kilomita 280 kwa mstari mnyoofu. Dash 8, ile ya mapanga yenye viti 78 ambayo abiria wa huku wameizoea, inakimbia kama kilomita 660 kwa saa ikiwa imetulia juu. Kwa mwendo huo kilomita 280 ni dakika 25. Tiketi inasema kama dakika 50. Nusu ya muda unaolipia si umbali, ni kuondoka na kufika. Ndiyo maana Mombasa, ambayo iko kilomita 423 kutoka Nairobi, mara moja na nusu ya Kisumu, inachukua dakika chache tu zaidi. Watu wa huku hulalamika kwamba nauli ya Kisumu inakaribiana na ya Mombasa ilhali Mombasa ni mbali. Sizitetei nauli, lakini kwa ndege, umbali hauanzi kuuma mpaka umevuka ile nusu saa ya kwanza.

Gharama nazo zina tabia hiyo hiyo. Injini haizeeki kwa saa za kuruka peke yake, inazeeka pia kwa idadi ya mara ilizowashwa ikasukumwa hadi mwisho wa nguvu zake na kupozwa. Magurudumu na breki huliwa na kutua, si na kilomita. Ada ya kutua hukadiriwa kwa uzito wa ndege, na mzani haujui umetoka Eldoret au Dubai. Mafuta mengi huchomwa wakati wa kupanda. Kwa hiyo safari ya kilomita 79 inabeba karibu mzigo wote wa gharama wa safari ya kilomita 280, bila kuwa na kilomita za kuugawanya. Mtu akianzisha ndege ya Kisumu hadi Eldoret kesho, atalazimika kumtoza mpwa wangu nauli inayokaribia ya Nairobi, au afunge biashara kabla ya Krismasi.

Kisha tufanye hesabu ya mlango hadi mlango, ambayo hakuna kikokotoo kinachoifanya. Mpwa wangu anakaa Kondele. Tuktuk au teksi hadi uwanjani, tuseme nusu saa kwa msongamano wa asubuhi. Awe amefika saa nzima kabla. Safari dakika 35. Kushuka na kungoja begi, robo saa. Kutoka uwanja wa Eldoret hadi mjini, nusu saa nyingine. Jumla saa mbili na dakika 50. Barabara ni kama kilomita 120 kupitia Kiboswa, Serem, Kapsabet na Mosoriot. Siku ya mahojiano aliondoka steji saa mbili kasoro kidogo, kwa sababu matatu ilingoja abiria wawili wa mwisho kama inavyongojwa mvua, akashuka Eldoret saa tano kasorobo. Yaani sawasawa, kwa nauli ambayo haitoshi kulipia hata ile teksi ya kutoka uwanjani. Na kichekesho ni kwamba ukitoka Kisumu kwa barabara, unapita uwanja wa ndege wa Eldoret kabla ya kuifikia Eldoret. Huyo anayeruka anashushwa kando ya barabara ile ile anayopita mwenye matatu.

Safari fupi za ndege zipo duniani. Huko Uskoti, katika visiwa vya Orkney, kuna ndege ya ratiba kati ya Westray na Papa Westray, kilomita 2.7, na imeandikiwa dakika 2. Lakini kati ya visiwa hivyo kuna bahari. Maji ndiyo huifanya safari fupi iwe na maana, na hili watu wa kisiwa cha Mfangano, humo ziwani mwetu, hawahitaji kusomewa. Kati ya Kisumu na Eldoret hakuna maji, kuna chai, miwa, mahindi na mabonde.

Basi hapo kesi ingefungwa: hakuna ndege kwa sababu haina faida, panda matatu. Lakini mpwa wangu alifanya jambo moja zaidi. Aliingia kwenye ukurasa wa kukata tiketi na kuandika Kisumu hadi Eldoret. Mtambo haukumwambia hakuna. Ulimpa safari: Kisumu hadi Nairobi, ngoja, Nairobi hadi Eldoret. Kilomita 280 za kwenda na 268 za kurudi, jumla 548, karibu mara saba ya umbali anaotaka kuvuka. Na ukifuata mistari hiyo kwenye ramani unaona maajabu. Ule wa Kisumu unapita juu ya Kericho. Ule wa kurudi Eldoret unapita juu ya Njoro, hatua chache tu kutoka Nakuru. Abiria huyo angekuwa amekwenda hadi ng'ambo ya msitu wa Mau na kurudi ili afike kwa jirani.

Hapa ndipo nadhani jambo lenyewe lilipo, na si jipya. Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Eldoret, ambayo wazee bado wanaiita Sisibo, yaani "sixty-four", kwa ile namba 64 ya shamba la walowezi, ilifikiwa na reli mwaka 1924. Reli mbili, miji miwili jirani, na hazikuwahi kukutana huku magharibi. Ziliachana Nakuru. Aliyetaka kutoka Kisumu kwenda Eldoret kwa garimoshi ilimbidi apande kilomita 217 hadi Nakuru, abadili, arudi tena magharibi. Nakuru ilikuwa kwa reli kama Nairobi ilivyo leo kwa ndege. Sababu ilikuwa moja: wale waliochora njia hawakuwa wakiuliza jirani atamfikiaje jirani, walikuwa wakiuliza pamba ya Nyanza na mahindi ya Uasin Gishu yatafikaje Mombasa. Njia iliyochorwa kubeba mzigo kwenda pwani haiwezi kukupeleka kwa shemeji yako bila kukuzungusha.

Wengi wetu tumezaliwa tukikuta mambo hivyo, tukadhani ni maumbile ya nchi. Sivyo. Mwaka 1937 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilipoanza kutumia ndege za majini kutoka Uingereza hadi Durban, kituo chao huku hakikuwa Nairobi. Nairobi haina maji ya kutosha kuogesha bata, sembuse kutua ndege ya namna hiyo. Zilitua Port Bell karibu na Kampala, zikatua Kisumu, kisha zikaelekea Mombasa na kushuka na pwani. Abiria wa Kisumu wa mwaka 1937, kama alikuwa na fedha na ngozi iliyokubalika wakati huo, aliweza kwenda Uganda kwa kuvuka ziwa tu. Abiria wa Kisumu wa leo, mwenye uwanja wa kimataifa, njia ya kurukia ya kilomita 3.3 na jengo la abiria lililofunguliwa mwaka 2012, akitaka Entebbe kwa ndege huambiwa kwanza aende Nairobi.

Hili la Entebbe ndilo linaloniuma kuliko la Eldoret, na nadhani ndilo tungekuwa tunalipigia kelele badala ya kuomba ndege ya dakika 19. Kutoka Kisumu hadi Entebbe ni kilomita 254 moja kwa moja. Ni karibu kuliko Nairobi. Kupitia Nairobi zinakuwa 280 na 521, jumla 801, mara tatu na zaidi. Mwanza ni hivyo hivyo: 330 kwa mstari mnyoofu, 741 kwa kuzunguka. Hizi ni safari zenye maji katikati na mpaka wa nchi, ambako barabara inakula siku. Ndipo ndege inapostahili.

Nitakuwa mwongo nikisema Nairobi inatuonea kila upande. Nimepima Kisumu hadi Mombasa: kilomita 697. Kupitia Nairobi ni 703. Tofauti ni kilomita 6 tu, kwa sababu Nairobi iko karibu kabisa juu ya mstari. Mashirika yamewahi kuunganisha Kisumu na Mombasa bila kusimama Nairobi, na ni jambo zuri kwa mwenye watoto na mabegi, lakini faida yake ni kuokoa mngojeo, si njia. Kwa anayekwenda mashariki Nairobi ni kituo cha halali. Anayekwenda magharibi akipelekwa kwanza mashariki, hapo kuna kasoro.

Kwa nini basi hakuna anayeng'ang'ania Entebbe? Sababu ya kwanza ni abiria: viti 78 kila siku si mchezo kuvijaza, na kampuni inapenda kumkusanya mtu wa Kisumu, wa Eldoret na wa Mombasa Nairobi, iwapakie pamoja. Hiyo ni biashara na siilaumu. Ya pili naiona ni mbaya zaidi kwa sababu ni ya kujitakia. Ada ya huduma kwa abiria nchini Kenya ni shilingi 600 kwa safari ya ndani na dola 50 za Kimarekani kwa safari ya nje. Sheria inahesabu mpaka, haihesabu kilomita. Anayeruka Kisumu hadi Mombasa, karibu kilomita 700, analipa 600. Anayevuka ziwa kilomita 254 kwenda Entebbe analipa sawa na anayekwenda Amsterdam, maelfu ya shilingi kabla hajalipia hata tone la mafuta. Tunaimba Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenye hotuba, kisha kwenye tiketi tunamhesabu Mganda wa ng'ambo ya ziwa kuwa mtu wa Ulaya. Ada hii ikishushwa kwa safari za ndani ya Jumuiya, hata ndege ndogo ya viti kumi na kitu inaweza kupata hesabu ya kuishi.

Nirudi Eldoret, maana sikusema viwanja hivi viwili havina kazi ya kufanyiana. Vina kazi, ila si ya kubebeana abiria.

Ile jioni ya Aprili rubani hakwenda Eldoret kwa kubahatisha. Kwa kawaida ndege ya abiria hupaa ikiwa imepangiwa kiwanja cha akiba, na hubeba mafuta ya kufika inakokwenda, ya kutoka hapo hadi kiwanja cha akiba, na juu ya hayo, kwa ndege za jeti na zile kama Dash 8, mengine ya kuzunguka angani kwa nusu saa. Kiwanja cha akiba kikiwa karibu, mzigo huo wa mafuta unapungua na nafasi ya watu na mizigo inaongezeka. Kilomita 79 hapo ni baraka. Na kwa sababu Eldoret iko juu mlimani na Kisumu iko chini ziwani, hali ya hewa yao mara nyingi haichafuki kwa wakati mmoja. Mchana upepo wa ziwa unavuma kwenda bara, unakutana na ule wa mashariki, unasukumwa kupanda kuta za Nandi na Kericho, na alasiri unapasuka kwa radi. Mwenyeji yeyote wa Kisumu anaijua mvua ya saa kumi. Kule juu tatizo ni zaidi ukungu wa alfajiri. Anayenisikiliza nampa ushauri wa bure: ndege ya Kisumu kata ya asubuhi.

Mizigo nayo ina somo lake. Uwanja wa Eldoret ulijengwa miaka ya 1990, enzi za Rais Moi, na wakosoaji hawakuchoka kusema umejengwa kwa heshima kuliko kwa haja. Una njia ya kurukia ya kilomita 3.5, lakini uko mita 2,150 juu ya bahari, na huko hewa ina uzito wa kama asilimia 81 tu ya ile ya pwani. Mabawa yanapata kitu chepesi cha kushika, injini inapumua kwa shida, na ndege nzito inahitaji lami ndefu au ipunguze mzigo. Ndege za shehena kutoka Mashariki ya Kati na Asia zimezoea kutua Eldoret zimejaa nguo na vifaa vya umeme, kisha zinaondoka tupu kwenda kutafuta maua na mboga Nairobi. Mlima haulaumiwi peke yake kwa hilo. Mzigo wa kuondoka nao haupo pale. Kisumu iko mita 1,157, hewa yake ni asilimia 89. Joto la mchana linakula sehemu ya faida hiyo, lakini haliimalizi. Kwa kutua ukiwa umejaa, Eldoret inafaa. Kwa kupaa ukiwa umejaa, Kisumu ina nafuu. Viwanja viwili vya kimataifa, kilomita 79, mmoja anaweza kupokea na mwingine kusafirisha, na katikati ipo barabara ya kilomita mia moja hivi ya kuviunganisha. Badala ya hapo kila kaunti inataka uwanja wake ufanye kila kitu, na samaki wa ziwani, mbuta, bado anapanda lori la barafu kwenda Nairobi.

Na abiria waliotupwa Eldoret na mvua? Nilimfanyia hesabu yule mzee baadaye, na ukweli ni kwamba angekosea. Tulitua Eldoret kama saa kumi na mbili kasorobo. Angeshuka, akapata matatu barabarani, akafika Kisumu saa tatu kasorobo usiku. Sisi tuligusa lami ya Kisumu saa moja u nusu. Lakini jioni ile hakuna aliyejua kama mvua itakoma baada ya saa moja au ndege itarudi Nairobi kulala, kama ambavyo hutokea. Kinachokosekana ni utaratibu ulioandikwa: kwamba ndege ikielekezwa kiwanja cha akiba kilicho saa mbili na nusu kwa barabara, abiria asiye na begi la chini ana haki ya kushuka, na baada ya muda fulani basi linaletwa. Si jambo la gharama kubwa. Ni karatasi na basi.

Mpwa wangu kazi aliipata, kwa hiyo sasa ataijua ile barabara kuliko mimi. Wiki iliyopita akaniandikia tena: kampuni inataka kumpeleka Kampala kwa mafunzo, na tiketi waliyomkatia inaanzia Kisumu. Nikamwambia aombe dirisha la upande wa kulia katika safari ya pili. Mstari mnyoofu kutoka Nairobi hadi Entebbe unapita karibu juu kabisa ya mji wa Kisii, na kama hakuna mawingu, ukitazama kaskazini kutoka hapo unaiona Ghuba ya Winam yote, na mwishoni mwake bati za Kondele alikotoka asubuhi hiyo.